Kumeza si kufika: mwaka wangu na kanitini ya mwanangu

Wiki ile ya Maulidi mwanangu alilala. Ngoma zilipita tini ya dirisha letu, watoto wa Langoni, hapa mjini Lamu, wakakimbilia ufuoni kutazama mbio za punda. Mwaka uliotangulia alikuwa amepanda mabegani mwa mjomba'ke ili asikose hata punda mmoja. Safari hii alinyanyua kichwa, akanitazama kana kwamba niko mbali naye, akakirudisha juu ya mto. Alikuwa na miaka 7. Mama yangu alimshika mkono, akauachia, mkono ukaanguka wenyewe.

"Mtoto huyu amelegea kama kamba iliyolowa," akasema. "Hii si homa."

Kifafa kilimwanza akiwa na miaka 4. Habari za usiku ule sitazieleza, wenye watoto wa kifafa wanazijua na wasio nao sitaki wazijue. Tulimsomea, akanywa kombe la zafarani, na hospitali tukaenda; sikuona haya kufanya yote mawili wala sioni leo. Alianzishwa fenobabitoni. Ilipokuwa haitoshi akaongezwa sodiamu valproeti, na hapo ndipo degedege likakoma. Miezi 5 mizima hakuanguka. Kila nikifungua chupa ile nilikuwa nasema alhamdulillahi kwa sauti.

Ndiyo maana usingizi ulipoanza niliitetea dawa. Nilimwambia mume wangu mtoto anakua, nikamwambia mwalimu wake wa chuo cha Kurani ni joto la kaskazi. Kwenye kliniki tuliyokuwa tukihudhuria niliambiwa dawa za kifafa zote zina usingizi, atazoea, na kwa kuwa alikuwa ameongezeka uzito kipimo kikapandishwa. Baada ya siku 9 akaanza kutapika asubuhi. Alikuwa akiuliza swali moja mara tatu, na mara ya tatu hamalizi sentensi.

Nikampigia mwana wa kaka yangu, mfamasia Mombasa. Sikumaliza hata kueleza.

"Shangazi, dawa zake mbili bado anazitumia pamoja?"

"Pamoja."

"Usimwachishe ghafla, degedege litarudi na kishindo. Lakini usingoje wiki ijayo. Anatakiwa kupimwa amonia, taka yenye sumu inayoweza kujaa kwenye damu."

Nikamuuliza kama naweza kumtoa damu hapa Lamu, nimpe dereva wa basi aipeleke. Akaniambia damu ya kipimo hicho haisafirishwi hivyo: inawekwa kwenye barafu na kupimwa upesi, kwa sababu ikikaa kichupani inazidi kutengeneza amonia yenyewe na jibu linakuwa la uongo. "Mlete mtoto, shangazi, usilete damu." Alfajiri tulikuwa kwenye mashua ya Mokowe, kuvukia bara, na njia nzima ya Garsen na Malindi alilala mapajani mwangu. Kila basi likiruka shimo nilikuwa namwangalia kama amefumbua macho.

Amonia ilikuwa mara tatu ya inavyotakiwa. Ini lilionekana zima kwenye vipimo vya kawaida, na hilo, daktari alisema, ndilo linalowapoteza watu: wanapima ini, wanaona salama, wanamrudisha mtoto nyumbani. Daktari huyu wa watoto, mama wa makamo mwenye sauti ya polepole, alivuta kiti akakaa karibu nami badala ya kusimama. Akaniambia valproeti ni dawa nzuri, imeokoa wengi. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1882, ikakaa maabara miaka 80 ikitumika kuyeyushia vitu vingine, hadi mwaka 1962 Wafaransa walipogundua kwa bahati tu kwamba kile walichokuwa wakikitumia kuyeyushia ndicho kilichokuwa kikizuia degedege. Lakini kwa baadhi ya watu, hasa watoto wadogo na wale wanaotumia zaidi ya dawa moja ya kifafa, huvuruga kazi ya ini ya kugeuza amonia kuwa urea. Amonia ikipanda, ubongo unalewa. Na moja ya vitu vinavyopungua mwilini kwa sababu ya dawa hii ni kanitini.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia neno hilo. Alitundikiwa kanitini kwenye mshipa. Siku ya pili usiku akaniuliza kama punda walishamaliza kukimbia.

Sasa nieleze kanitini ni nini, kwa namna nilivyoielewa mimi, mtu wa Mkomani asiyesomea udaktari. Mji wetu una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Mchanga, chokaa na mawe ya kujengea hushushwa na jahazi ufuoni, na hapo vingekaa mpaka kiama kama si punda. Punda hubebeshwa, huingia kichochoroni, hushushiwa mlangoni pa mwenye kujenga, kisha hurudi mtupu kubeba tena. Mafuta tunayokula nayo yana ufuo wake. Ndani ya karibu kila seli kuna vyumba vidogo vya kuchomea chakula, mitokondria, na utando wa ndani wa vyumba hivyo hauruhusu asidi ndefu za mafuta kupita peke yake. Kimeng'enya kimoja nje huifunga asidi ya mafuta kwenye kanitini, mlango maalumu huwavusha, kimeng'enya kingine ndani hushusha mzigo, na kanitini hutoka kwenda kuchukua mwingine. Haichomwi yenyewe. Kazi yake ni kubeba tu.

Iligunduliwa kwenye nyama mwaka 1905, na jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la nyama. Nyama nyekundu ndiyo yenye nyingi: kipande cha ng'ombe cha gramu 110 hivi kina miligramu 56 hadi 162, kuku wa uzito huohuo hafiki hata 10, kikombe cha maziwa kina kama 8. Niliposikia hivyo nilijilaumu kwa kumlea kwa samaki na wali wa nazi. Daktari akanikataza kujilaumu. Mwili unajitengenezea wenyewe kutokana na laisini na methionini, viungo viwili vya protini, na hata watu wasiokula nyama maisha yao yote kwa kawaida hawapungukiwi. Tena figo lenye afya haliimwagi ovyo: zaidi ya asilimia 90 ya kanitini inayochujwa hurudishwa kwenye damu. Kilichomharibia mwanangu ni kwamba valproeti humkamata punda, hujifunga mgongoni mwake, na wote wawili hutoka kwa mkojo. Ukiwa na punda 20 na kila siku wawili hawarudi, huhitaji kujua hesabu nyingi.

Tulirudi Lamu na chupa ya kanitini ya maji, na mpango wa kuipunguza valproeti hatua kwa hatua huku dawa nyingine ikiingia mahali pake. Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili ndilo lililonifanya nikae niandike.

Nilifikiri hivi. Ugonjwa wa mwanangu uko kichwani. Amonia ilimlevya kichwani. Kanitini imemwamsha, kwa hiyo kanitini inaenda kichwani. Sasa, kama kijiko kimoja kimemwamsha, viwili vitamsaidia kusoma, maana alikuwa amesahau nusu ya juzuu aliyokwisha kuihifadhi. Binamu wa mume wangu alikuwa amekuja kutoka Dubai na kopo la unga wa kanitini, lile linalouzwa kwa wanaonyanyua vyuma. Nikawa namkorogea kwenye uji, juu ya dawa ya daktari, bila kumwambia mtu.

Wiki mbili. Kwanza tumbo likaanza kumwendesha. Kisha mwalimu wa chuoni, mzee mwenye adabu ambaye hakutaka kunifedhehesha, akanivuta kando mlangoni: "Mama, mtoto anaoga kabla ya kuja?" Nikamwambia anaoga. "Basi sijui. Ananuka samaki, na si nguo." Kwetu samaki ananuka kila pembe, mume wangu ni mvuvi, pua zetu zilikuwa zimezoea. Nikamnusa mwanangu shingoni alipotoka kuoga. Kweli. Jasho lenyewe lilinuka.

Mpwa wangu, yule mfamasia, alipokuja Idi nikamwonyesha kopo. Alikasirika kwa adabu, namna watoto wa kike wanavyowakasirikia shangazi zao, akalifunga akaliweka juu ya rafu asiyoifikia mtoto. Kisha akakaa nami barazani, na maneno aliyonieleza jioni ile ndiyo ambayo ningependa kila mama wa kifafa ayasikie.

Akaanza na utumbo. Kanitini ya kwenye nyama, nusu yake na zaidi hufyonzwa. Ukimeza nyingi kwa mkupuo kama dawa, kinachofyonzwa kinaweza kushuka hadi chini ya asilimia 20. Nyingine yote inabaki kwa vijidudu vya tumboni, navyo huigeuza kuwa kemikali ileile inayompa samaki aliyelala harufu yake. Kwa hiyo kile nilichokuwa nikikorogea kwenye uji kilikuwa kinamharisha na kumnukisha. Hakikuwa kinamfikia.

"Na kilichofika kwenye damu je?" nikamuuliza. "Hicho si kinapanda kichwani?"

Akanyosha kidole kwenye daka letu, kibaraza cha mlangoni. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe. Mgeni akija hapiti moja kwa moja: anapiga hodi, anakaa dakani, na huenda siku nzima akafanyiwa mambo yake yote hapohapo barazani akaondoka asijue ndani kukoje. Wachache huitwa kiwandani, yaani uani. Wachache zaidi hufika msana, ukumbi wa ndani. Ndani kabisa ni wenyewe tu.

"Ubongo ni nyumba ya Kiamu, shangazi."

Mishipa ya damu mahali pengine mwilini, akaniambia, ina nyufa nyufa, vitu vidogo hupenya kati ya seli na seli. Ya ubongoni imejengwa kama ukuta wa mawe na chokaa. Seli zake zimeshikana pasipo upenyo. Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani Paul Ehrlich alitia rangi kwenye damu ya wanyama, viungo vyote vikaingia rangi, ubongo ukabaki mweupe. Rangi ilipita kando yake kila mara moyo ulipopiga na haikuingia. Ukuta huo unalinda, kwa sababu ubongo, ulio kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima na unaotumia kama asilimia 20 ya nishati yake, hauwezi kuvumilia kila kinachopita kwenye damu.

Kanitini inapenda maji, haipendi mafuta, na utando wa seli ni mafuta. Haiwezi kujipenyeza. Lazima iwe na mlango, na mlango wake mkuu ni protini inayoitwa OCTN2, iliyotambuliwa mwaka 1998. Ipo kwenye figo, moyo, misuli, utumbo, na ipo pia kwenye kuta za mishipa ya ubongo. Haifungui kwa kanitini peke yake. Inataka ije na sodiamu. Nje ya seli sodiamu ni nyingi, ndani ni chache, hivyo sodiamu siku zote inasukumana kuingia, na kanitini inaingia pamoja nayo, kama mgeni asiyejulikana anayepokewa kwa kuwa amefuatana na jamaa wa nyumba. Kwa njia hiyo seli inaweza kujaza kanitini ndani hata pale nje ilipo kidogo.

Halafu akanipa hesabu ambayo sijaisahau. Mlango ule ni mwepesi wa kushiba. Nusu ya kasi yake yote unaifikia kanitini ikiwa mikromoli 4 hivi tu kwa lita. Damu ya mtu mwenye afya ina 25 hadi 50. Maana yake, kanitini ikiwa ya kawaida kwenye damu, mlango tayari unafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake. Ukiongeza juu ya hapo unaongeza foleni dakani, huongezi wanaoingia. Ikiwa imepungua sana ndipo kuirudisha kuna faida.

Nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimempa mtoto kuhara wiki mbili ili nirefushe foleni.

Aliendelea, na mimi nilitaka aendelee. Ukipita ukuta wa mshipa hujafika bado kwenye nyuroni, seli za neva zenyewe. Kuna seli nyingine, astrositi, zilizoizungushia mishipa nyayo zake pande zote, nazo zina OCTN2 yao. Watafiti wa Taasisi ya Nencki huko Warsaw, wakiwa na Katarzyna Nałęcz, wamefuatilia njia hii kwa miaka mingi, kwenye seli za ukuta na kwenye astrositi pia. Na wametaja mlango wa pili, ATB0,+, ambao hupitisha amino asidi za namna nyingi na kanitini humo humo. Mafuta machache yanayochomwa ubongoni huchomwa zaidi na astrositi. Nyuroni zenyewe zinaishi kwa sukari, na mtu akifunga muda mrefu hupata pia ketoni, nishati ambayo ini huitengeneza kutokana na mafuta.

"Sasa kanitini inazifanyia nini, kama hazichomi mafuta?"

Inabeba kitu kidogo zaidi, asetili, ambayo ni kipande kinachobaki chakula kikishakatwakatwa. Kanitini iliyobeba asetili nayo hupita ukuta, na asetili hiyo inaweza kutumika kutengenezea asetilikolini, moja ya kemikali ambazo seli za neva hupelekeana habari. Nilipenda kusikia hivyo. Nilipenda mno, na yeye aliona, akaniambia: "Ndiyo, shangazi, lakini hapo tunazungumzia kazi yake, si dawa ya kukumbuka juzuu."

Kuna watoto wanaozaliwa na OCTN2 mbovu. Huko Visiwa vya Faroe, ambako watu ni wachache na wengi wana asili moja, ni kama mtu 1 kwa kila 300. Figo lao halirudishi kanitini, yote inamwagika. Nilidhani atasema wanapata kifafa au wanakuwa mapunguani. Kinachotangulia kulemewa ni moyo, misuli na ini. Ubongo huumia zaidi pale mtoto anapokaa na njaa, sukari ikashuka, na ini likashindwa kuchoma mafuta ili limtengenezee ketoni. Wakijulikana mapema, wakanywa kanitini kila siku, wengi wanaishi vizuri. Hapo nilielewa jambo ambalo daktari alikuja kunithibitishia tuliporudi kumwona: kanitini iliyomwamsha mwanangu kwa sehemu kubwa haikuhitaji kuingia kichwani. Ilikwenda kwenye ini. Ini likapata nafuu, likaanza kuiondoa amonia kwenye damu, na ubongo ukalevuka kwa sababu kile kilichokuwa kikiulevya kilikoma kuja. Nilikuwa nimesimama muda wote ule kwenye mlango usio wenyewe.

Kopo nililimwaga. Daktari nilimweleza ukweli wote, na ilikuwa tabu kuliko kumweleza mume wangu. Hakunigombeza. Aliandika kwenye faili, akapima tena, akaniambia wakati ukifika dawa ya maji nayo itasimamishwa, maana valproeti ikishatoka mwilini mwizi wa punda hayupo tena. Ilisimamishwa mwezi wa Rajabu. Harufu iliisha baada ya siku chache. Degedege lilirudi mara mbili wakati wa kubadilisha dawa, kisha likatulia, na sasa ni miezi 11.

Habari za mji wetu hazilali. Ikasemwa kwamba mtoto wa fulani alipona kwa dawa ya ubongo kutoka Mombasa. Mwezi uliopita alikuja mama wa mtaa wa pili, mwanawe wa miaka 5 ana usonji, hasemi, anapepesa vidole mbele ya macho yake dirishani penye mwanga. Alikuwa na picha ya simu, habari aliyotumiwa, kwamba kanitini inatibu usonji. Alitaka chupa iliyobaki. Alikuwa na pesa mkononi, zimekunjwa ndogo kabisa.

Nilimkaribisha ndani, si barazani. Nilimwambia yale ninayoyajua. Kwamba yupo mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Arthur Beaudet, ambaye mwaka 2017 aliandika kwamba huenda upungufu wa kanitini ndani ya ubongo unachangia baadhi ya visa vya usonji kwa wavulana, na yeye mwenyewe aliiita dhana tu hapohapo kwenye kichwa cha makala. Kwamba ipo jeni moja ya kutengeneza kanitini, TMLHE, ambayo kwa kama mwanamume 1 katika 350 ina kasoro, na walio wengi kati yao hawana usonji wowote. Kwamba chupa yangu iliandikwa kwa uzito wa mwanangu na kwa damu ya mwanangu. Na nikamweleza tumbo, na harufu, na wiki zangu mbili.

Alilia kidogo. Mimi pia. Pesa zake nilimrudishia kiganjani. Kisha nikampigia mpwa wangu, akatutafutia siku ya kliniki ya maendeleo ya watoto, na Jumanne iliyofuata nilikwenda naye hadi gatini. Mwanawe hakutaka kupanda mashua kwa sababu injini ilimtisha. Wangu, ambaye tulifuatana naye, alivua kofia yake akamfunika masikio nayo, wakakaa hivyo wawili ubavuni mpaka nahodha alipofungua kamba, ikabidi nimwite wangu ashuke.